Ni Kweli, Lakini: Kumkumbuka Wakili Kodhek

Nilijifunza kusoma kwa vibao vya barabarani. Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja kule Kilimani, Nairobi, nasi tulikaa Kawangware, chumba kimoja cha mabati. Shule zikifungwa alinichukua twende pamoja, maana hapakuwa na mtu wa kuniachia. Tulikwenda kwa miguu ili nauli ibaki ya unga. Tukifika Valley Arcade jua linaanza kuchoma, na hapo ndipo aliponipa kazi yangu ya asubuhi: "Soma hicho." Gitanga niliisoma bila shida. Majina ya maduka niliyasoma. Halafu tukawa tunafika kwenye kibao kilichonishinda siku nyingi, kwa sababu herufi zake hazikupangwa kama zile za kitabuni. Ar. Argi. Argi-wingi-si. Kodi-heki.

"Mama, hawa ni Wazungu wawili?"

Alisimama. Mama hakuwa mtu wa kusimama njiani, alikuwa na saa ya kuingia kazini na mwajiri wake aliijua kwa dakika. Lakini siku hiyo alisimama.

"Nani amekuambia ni Wazungu? Huyo ni mtu mmoja, na ni mtu wa Gem. Jirani zetu. Ukitoka kwetu Luanda ukisonga kidogo umeingia kwao. Alikuwa wakili."

"Wakili ni nani?"

"Ni mtu wa kukusemea mahali ambapo wewe hujui kusema."

Kisha akanishika mkono tukaendelea, na akasema jina lile mara mbili polepole ili nilishike: Argwings Kodhek. Alilitamka Kodhek kwa namna ya nyumbani, si kama makonda wanavyolitamka. Makonda hawalitamki kabisa. Nimepanda matatu za njia ya 46 maisha yangu yote na sijawahi kumsikia konda hata mmoja akimalizia. "Argwings! Argwings wanashuka!" Basi. Jina la ukoo limebaki kwenye kibao.

Leo mimi ni wakili. Nimeapishwa, nina cheti ukutani na joho ninalolipiga pasi mwenyewe. Na mtoto akiniuliza wakili ni nani, bado namjibu alivyonijibu Mama.

Naandika haya kwa sababu ya jambo linalonisumbua kila jina la mtu huyu linapotajwa. Watu wanakimbilia kifo chake. Nimeketi na wazee kwenye matanga, nimeketi na mawakili wenzangu kwenye korido za mahakama ya Milimani tukingoja jaji aingie, na ukimtaja Kodhek tu, mazungumzo yanageuka kuwa ya gari, ya barabara, ya nani alitaka nini mwaka ule. Kifo chake nitakifikia, kwa ufupi. Ninachotaka kukumbuka hapa ni kazi yake, na hasa miaka michache kati ya kurudi kwake kutoka ng'ambo na uchaguzi wa 1957, kabla hajawa mheshimiwa, alipokuwa wakili tu mwenye mafaili.

Alizaliwa mwaka 1923 Malanga, Gem, katika sehemu ambayo leo iko Kaunti ya Siaya. Usiwaze Gem ya leo yenye lami na minara ya simu. Waza nyumba za udongo, mtama na mifugo, kodi ya nyumba iliyowatoa wanaume vijijini wakatafute pesa kwenye mashamba ya walowezi, na reli iliyopita Yala kwenda Butere miaka ya 1930, ambayo kwa mtoto wa kijijini ilikuwa mlango wa dunia nyingine. Lakini Gem ilikuwa na jambo moja ambalo majirani, sisi tukiwemo, tuliwaonea wivu. Kabla Kodhek hajazaliwa, chifu wao Odera Akang'o alikuwa ametembea Uganda, akaona shule, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Aliwalazimisha watu kupeleka watoto shuleni, na hakuwa akibembeleza. Mama husema watu wa Gem walichapwa ndipo wakasoma, na baada ya hapo hakuna aliyewapata tena. Anasema kwa kuwatania, kama majirani wanavyotaniana, lakini ndani ya utani ule kuna heshima.

Kwa hiyo kijana huyu alisoma. Akafika Makerere, akafundisha. Na ualimu ndio uliokuwa ukomo uliowekwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari kumwona Mwafrika akiwa mwalimu, karani, msaidizi wa daktari, bwana mifugo. Sheria ilikuwa kitu kingine. Katika Afrika Mashariki yote hapakuwa na mahali pa kuisomea: kitivo cha kwanza cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari, na wa kumvusha ni serikali ile ile isiyotaka awe wakili. Hivi ndivyo ninavyoelewa ile hadithi inayosimuliwa juu yake, kwamba alipelekwa Wales, Aberystwyth, akasome mambo mengine, na akiwa huko akageukia sheria, hadi akaitwa uwakili London katika Lincoln's Inn, chama cha mawakili wa huko. Mtu akinisimulia hadithi hiyo kama ujanja, namkatiza. Haukuwa ujanja. Alikuwa ameona mlango uliofungwa akatafuta ulioegeshwa.

Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili nchini mwake. Alirudi na mke, Mavis Tate, kutoka Ireland. Nairobi aliyoirudia ilikuwa imekatwa vipande kama keki: Wazungu Muthaiga, Karen, Kilimani na Hurlingham, Wahindi Ngara, Pangani na Parklands, Waafrika Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Ziwani. Bwana na bibi hawa, katika mji ule, walikuwa na mahali gani pa kuita kwao? Nikipita Hurlingham jioni na kuona wachumba wa kila rangi wakinunua maua pale kando ya barabara, hilo ndilo swali linalonijia.

Alipewa nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hapa inabidi nieleze kanuni moja ya enzi hizo, kwa sababu vijana wa leo nikiwaambia hawaamini. Mwafrika mwenye shahada sawa na Mzungu, akifanya kazi sawa na Mzungu, alilipwa sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Haikuwa siri wala uonevu wa bosi mmoja. Ilikuwa kanuni ya serikali, na Tume ya Holmes ya 1948 iliiangalia ikaiacha isimame. Ilikuja kuondolewa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954. Kodhek aliambiwa, kwa hesabu, kwamba yeye ni tatu kwa tano ya wakili. Akaikataa kazi ile, akafungua ofisi yake.

Ningependa watu wakumbuke siku hiyo kuliko siku ya ajali. Mtoto wa Malanga, aliyesubiriwa na ukoo mzima uliohesabu miaka yake ng'ambo, ana mke mgeni katika mji unaowatazama kwa jicho baya, anakataa mshahara wa serikali. Mimi nilipomaliza mafunzo yangu ya uwanagenzi na ofisi moja ikaniahidi mshahara mdogo kuliko wa mwenzangu tuliyehitimu naye siku moja, nilikubali. Nilikuwa na kodi ya nyumba. Simlaumu mtu yeyote anayekubali. Ndiyo maana najua kukataa kwake kulikuwa na uzito gani.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, sheria za dharura za serikali dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kwa mwanasheria kila kitu kilibadilika. Kukutwa na risasi moja mfukoni kukawa kosa la kunyongwa. Kulisha watu kiapo cha Mau Mau, kunyongwa. Kuandamana na waliokuwa na silaha, kunyongwa. Kuanzia 1953 zikaundwa mahakama maalumu ili kesi ziende mbio. Watu walisimamishwa kizimbani kwa makundi, wakiwa na nambari shingoni, wakisikiliza Kiingereza wasichokijua kikitafsiriwa vipande vipande. Hadi vita vile vinaisha, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa. Nambari hiyo nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza yangu, si kwa ajili ya siasa, bali kwa sababu kila mmoja wa hao 1,090 alikuwa na faili.

Tunapozungumzia mawakili wa enzi hizo, tunataja kesi ya Kapenguria, na ni haki. D. N. Pritt alitoka Uingereza kumtetea Mzee Kenyatta na wenzake watano, walioshtakiwa kuongoza Mau Mau. Alikuja H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica, Chaman Lall wa India, na hapa nyumbani wakasimama Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Hakimu akawafunga washtakiwa miaka saba mwezi Aprili 1953, na dunia nzima ikasoma magazetini. Lakini Kapenguria ilikuwa kesi moja. Nyuma yake kulikuwa na mamia ya kesi ambazo hakuna mwandishi aliyepanda ndege kuzifuata: mkulima, kibarua, dereva, mama aliyepeleka chakula msituni. Katika kesi hizo ndipo alipokuwa Kodhek. Alizichukua nyingi bila malipo, kwa sababu wenye kesi hawakuwa na kitu. Walowezi wakamwita wakili wa Mau Mau, wakidhani wanamtukana.

Na hapa kuna jambo tunalolipita haraka mno siku hizi. Yeye alikuwa Mjaluo. Waliokuwa kizimbani, karibu wote, walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Hakuwa akitetea ndugu wa ukoo. Katika nchi ambayo leo mtu akitafuta wakili huuliza kwanza jina lake la mwisho, naomba hilo lisomwe tena.

Nitaeleza kwa nini nayafikiria mahakama yale kama mtu aliyekuwepo.

Nikiwa kidato cha pili, kaka yangu alikamatwa. Alikuwa na miaka 19, anafanya kazi ya mjengo, na jioni moja alikuwa amesimama na wenzake kando ya barabara wakingoja gari la kuwarudisha Kawangware. Askari wakapita na lori. Waliokuwa na mbio walikimbia; kaka hakuona sababu ya kukimbia. Asubuhi akafikishwa mbele ya mahakama moja ya jiji, na mimi na Mama tukawa tumeketi benchi la mwisho. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini na alijua siku hiyo italipwa kwa kukatwa. Alikuwa amevaa leso yake ya kanisani.

Shtaka lilikuwa la kuzurura. Karani akalisoma upesi, kama mtu anayesoma orodha ya bei, akauliza: "Ni kweli ama si kweli?"

Kaka akasema: "Ni kweli nilikuwa hapo, lakini nilikuwa nangoja gari nitoke kazini."

Nilimsikia. Mama alimsikia. Benchi zima lilisikia. Lakini kilichoandikwa kilikuwa "ni kweli" peke yake. Akaulizwa kama ana la kujitetea kabla ya hukumu, akasema ana kazi kesho. Faini, ama jela mwezi mmoja. Faini ilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wa Mama wa mwezi, na hatukuwa nayo hadi chama chake cha akina mama kilipokaa Jumapili. Kwa hiyo kaka alilala ndani siku nne kwa sababu ya neno "lakini" ambalo halikupata mtu wa kuliandika.

Aliporudi nyumbani hakusema kitu. Aliomba maji ya kuoga, akaoga muda mrefu. Kazi ile ya mjengo alikuwa ameshaipoteza.

Miaka baadaye, nikisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, Parklands, masomo ya jioni, mhadhiri alitufundisha kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973. Ni kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Kenya anaijua. Inasema mshtakiwa asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, kila kiungo cha kosa kielezwe. Akikubali, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema yeye. Kisha upande wa mashtaka useme yaliyotokea, naye aulizwe kama anayakubali. Na akileta maelezo yenye utetezi ndani yake, hakimu afute "ni kweli" na aandike kwamba amekana. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kumbe "lakini" ya kaka yangu ilikuwa na sheria yake. Ilikuwa na sheria yake miaka mingi kabla hajazaliwa, na ilichokosa ni mtu mmoja wa kusimama na kusema, mheshimiwa, naomba mahakama isikie sentensi yote.

Sasa rudi 1953. Mtu ametolewa nyumbani usiku, amelishwa kiapo kwa nguvu, panga likiwa shingoni. Ni kweli alikula kiapo, lakini. Mwingine amevaa koti la kuazima, ndani ya bitana kuna risasi. Ni kweli ilikutwa kwake, lakini. Mwanamke amebeba viazi, watu wa msituni wamemwambia alete asipotaka wamchomee nyumba. Ni kweli alipeleka, lakini. Ya kaka yalikuwa mashtaka ya faini, na yale yalikuwa ya kamba. Kazi ya wakili katika chumba kile haikuwa hotuba. Ilikuwa kuilinda "lakini" ya mtu isipotee kati ya mdomo wake, mkalimani na kalamu ya jaji. Nikimkumbuka Kodhek, hivyo ndivyo ninavyomwona: mtu aliyesimama katikati ya sentensi za wengine ili zisikatwe.

Kutoka hapo aliingia siasa, na sidhani aliona mpaka kati ya kazi hizo mbili. Chama cha KAU, Kenya African Union, kilikuwa kimepigwa marufuku Juni 1953. Mwaka 1955 serikali ikaruhusu Waafrika kuunda vyama, ila vya wilaya tu, visivuke mpaka. Kodhek alitaka kuandikisha chama cha nchi nzima, Kenya African National Congress. Kikakataliwa kwa jina hilo na upana huo, akalazimika kukipunguza kiwe Nairobi District African Congress. Huko Kaloleni, katika ule ukumbi ambao wenyeji waliubatiza bunge lao, siasa za Waafrika wa Nairobi zikapata tena sauti.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane. Nairobi ilikuwa na kimoja. Kodhek akashindana na Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi, na Mboya akashinda. Simulizi za siku hizo hupenda kulinganisha ndimi zao, nani alikuwa na Kiswahili kitamu, nani alijua kupanga watu. Ni kweli Mboya alijua kupanga watu. Lakini kuna jambo la kisheria ambalo halitajwi vya kutosha. Si kila Mwafrika aliruhusiwa kupiga kura. Ulitakiwa uwe na elimu ama mali ama utumishi fulani, na aliyekuwa na sifa zaidi alipata hadi kura tatu. Na Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walidaiwa cheti cha uaminifu kwa serikali. Tena mji ulikuwa umeshafagiwa na ule msako mkubwa wa Aprili 1954, maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambini. Hesabu mwenyewe. Wale aliowatetea, ndugu zao, wake zao, waliokuwa na kila sababu ya kumpa kura, wengi wao walikuwa kizuizini, au wamerudishwa vijijini, au hawana cheti. Siwezi kusema angeshinda. Nasema tu kwamba wateja wake hawakuwepo siku ya kura, na waliowaondoa ndio walioandaa kura.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Uhuru ulipokuja alikuwa mbunge wa Gem. Akapanda serikalini hadi uwaziri, na mwishowe akashika mambo ya nchi za nje. Wapo wanaoijua zaidi habari hiyo na wanaoipenda zaidi. Mimi nikisoma kurasa hizo simpati mtu ninayemtafuta. Napata mheshimiwa, msafara, taarifa rasmi.

Tarehe 29 Januari 1969 alikufa barabarani, Hurlingham, akiwa na miaka isiyofika 46. Serikali ilisema ajali ya gari. Watu wengi hawakuamini, na minong'ono haijaisha hadi leo. Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya: uchaguzi mdogo wa kujaza kiti chake cha Gem mwezi Mei ukaenda kwa chama cha upinzani, KPU, tarehe 5 Julai Tom Mboya, yule mshindani wake, akapigwa risasi mchana katikati ya jiji, Oktoba haijaisha KPU ikapigwa marufuku. Anayetaka kuunganisha mambo hayo ataunganisha. Mimi ni mtu wa ushahidi na sina wa kuongeza.

Barabara ile ikapewa jina lake. Mwaka uliofuata, 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria.

Huwa nakaa na tarehe hizo mbili. Mtu aliyevuka bahari kwa sababu hapakuwa na darasa nyumbani, na darasa likafunguliwa wakati kaburi lake halijamaliza hata miaka miwili. Nilipokuwa katika kitivo hicho, jina lake nililisikia mara moja tu, katika mhadhara, kama "Mwafrika wa kwanza." Mwalimu akaendelea na mada. Neno hilo "wa kwanza" silipendi sana. Linamfanya aonekane mkimbiaji aliyefika utepeni mbele ya wenzake, na sisi tulio nyuma tunampigia makofi kisha tunageukia shughuli zetu. Halisemi alipofika alifanya nini.

Na kuna ile barabara nyingine. Si mbali na ya Kodhek, mtaa ule ule, kuna barabara ya Dennis Pritt, yule wakili wa Kapenguria. Mwingereza na mtu wa Gem, wote mawakili, wote walisimama upande mmoja katika miaka ile ile, wamepewa barabara jirani katika sehemu ya mji ambapo Kodhek, aliporudi kutoka London, asingeruhusiwa kukodi nyumba. Mama alifua nguo miaka kumi na minane katikati ya barabara hizo mbili. Nimewahi kuwauliza vijana wa pale stejini Yaya kama wanajua hayo ni majina ya nani. La Pritt walisema ni la Mzungu fulani. La Argwings pia walisema ni la Mzungu fulani.

Sikuwacheka. Ndivyo nilivyodhani mimi.

Mwaka jana tulimpeleka Mama nyumbani Luanda kumwona dada yake mgonjwa. Dada huyo alipona, tukaamua tuzunguke kidogo kwa gari, tukashika njia ya Yala. Mama amezeeka, magoti yamemchosha, lakini macho yake bado yanaona vibao kabla yangu. Tulipoingia Gem akanyamaza kidogo, kisha akaelekeza kidole upande wa vilima akasema, "Huku ndiko kwao wakili wako." Wakili wangu. Nikampunguzia gari mwendo. Kulikuwa na watoto wanatoka shule, sweta zimefungwa viunoni, mmoja anavuta kigari cha waya. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Hapakuwa na kitu cha pekee cha kutazama, na tulitazama muda mrefu.

Katiba ya 2010 imesema, katika kifungu cha 50, kwamba mshtakiwa ana haki ya kupewa wakili na serikali iwapo bila wakili ataonewa pakubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikapitishwa 2016. Ukishtakiwa kwa mauaji leo, utapewa wakili. Ukishtakiwa kwa kuzurura, kwa kuuza mboga bila leseni, kwa simu iliyopotea, utasimama peke yako na ataulizwa mtu mwenye njaa: ni kweli ama si kweli? Kila Jumatatu asubuhi, kwa sababu ya waliokamatwa Ijumaa na Jumamosi, mahabusu huwa yamejaa vijana wa umri ule ule aliokuwa nao kaka.

Kaka, kwa wanaoniuliza, yuko. Ana bodaboda pale Yaya na watoto watatu. Kesi yake hatuzungumzi. Ila mara moja, nikiwa nimeapishwa juzi tu, alinibeba kunipeleka mahakamani nimechelewa, na nilipotaka kumlipa alinirudishia pesa mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Ukifika huko, waache wamalize kuongea."

Jumanne hii nina kijana wa miaka 20, fundi wa viatu kutoka Kangemi. Mama yake amenipigia mara tatu leo, anauliza kama nimekumbuka, anauliza avae nini, anauliza kama mtoto aseme ukweli. Nimemwambia aseme ukweli, wote, mpaka mwisho, na mimi nitakuwa nimesimama kando yake. Nitapanda 46 ya saa kumi na mbili unusu.